Stafu Sajenti Priska Ndahani na Neno Aliloandika Chisolo

Mchungaji, wazee wa pande zote mbili, askari mliovaa sare na mliokwisha kuzivua, majirani wa Area D, na ninyi mliofika na Fuso mbili kutoka Chisolo: mbukwenyi. Nimepewa dakika kumi na tano. Marehemu aliacha maelekezo kwa maandishi, na la kwanza linasema msomaji asilie kabla ya kumaliza habari za shule, maana watu wa nyuma hawatasikia kitu. Nitajitahidi.

Priska Ndahani alizaliwa tarehe 9 Juni 1962 katika kijiji cha Mlebe, Dodoma, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Yoramu Ndahani na Mama Marita. Ulikuwa msimu wa kuvuna uwele, na bibi zake walisema mtoto anayezaliwa wakati ghala limejaa huwa mvivu. Sijui kama wazee wale waliwahi kukosea zaidi ya hapo. Alibatizwa tarehe 19 Agosti mwaka huo huo. Baba yake alikuwa mkulima, na pia karani wa kanisa, mtunza daftari la waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliofariki. Priska alijifunza kusoma akiwa amesimama nyuma ya bega la baba yake, akifuata kwa kidole majina ya watu wa Mlebe. Tangu hapo aliamini kwamba kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Imani hiyo ilimpa kazi, na baadaye ikamtesa.

Alisoma shule ya msingi Mlebe kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni mkoani Morogoro, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1980. Huko alikuwa kiranja wa bweni. Wenzake waliofika hapa leo wanakumbuka usiku mmoja alipopeleka kwa matroni orodha ya waliopiga kelele, na jina la kwanza lilikuwa la kwake. Matroni alipouliza, alijibu, "Niliongea nikiwanyamazisha." Akafyeka majani pamoja na wenzake kwa wiki nzima, na wiki hiyo hakuna aliyemnunia.

Habari za shule zimeisha. Sasa tuna ruhusa.

Mwaka 1983 alijiunga na Jeshi la Polisi, akapata mafunzo Moshi, na mwaka uliofuata akapangiwa Mtera. Huko ndiko alikokuja kijana mmoja fundi umeme, Ebenezer Masaka, kutoa taarifa ya kuibiwa baiskeli. Konstebo Priska alimchukua maelezo kwa saa mbili nzima: rangi ya baiskeli, kengele iko upande gani, mara ya mwisho aliiona akiwa amesimama au amekaa. Baiskeli ilipatikana siku hiyo hiyo nyuma ya vichanja vya samaki, ilipokuwa imeegeshwa na mwenyewe. Baba ana miaka karibu arobaini anasema aliisahau. Mama alisema hadi mwisho kwamba maelezo hayo hayaridhishi. Walifunga ndoa tarehe 14 Novemba 1987 katika kanisa la Mlebe, na Mungu akawajalia Elisha mwaka 1989 na Erick mwaka 1992.

Machi 1997, akiwa sasa ni koplo, alihamishiwa kituo kidogo kilichohudumia vijiji sita, Chisolo kikiwa cha mbali kuliko vyote. Familia imeona isikitaje kituo hicho kwa jina. Kilikuwa na askari wanne, baiskeli mbili na kitabu kimoja cha matukio.

Tarehe 17 Oktoba 1998 asubuhi ililetwa taarifa kwamba mwanamke wa Chisolo aitwaye Anna Chibago, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, amekutwa amekufa kwenye visima vya mchangani. Kwa wageni wetu ambao hawajakaa huku: kiangazi mto wa Chisolo hukauka kabisa, na akina mama huchimba mashimo kwenye mchanga wa korongo, wakasubiri maji yapande, wakachota kwa kata. Huenda alfajiri, kwa sababu anayewahi ndiye anayekuta maji safi.

Koplo Priska alipiga baiskeli kilomita kumi na nne. Alikuta wazee wameshaamua. Nyayo za fisi zilikuwa kila mahali, na ni kweli fisi walikuwa wamefika. Daktari alikuwa mbali, gari hakuna, jua kali, na ndugu walitaka kuzika siku hiyo hiyo. Pembeni ya kisima palikuwa na jiwe, na juu ya jiwe kanga imekunjwa mara nne, pembe kwa pembe, kama inayotoka kupigwa pasi. Huku kwetu mtu akikutwa amekufa njiani, mwanamke wa kwanza kufika humfunika kwa kanga yake mwenyewe. Koplo akadhani mmoja wa akina mama ameivua ili amstiri mwenzao, kisha akaogopa kusogea. Hakumuuliza mtu yeyote. Aliichukua, akaikunjua, akamfunika Anna. Jioni kituoni akaandika kwenye kitabu: ameliwa na fisi.

Wenyeji hamhitaji kuambiwa maneno hayo yanafanya nini kijijini. Fisi akila mtu, haulizwi fisi alitoka wapi. Huulizwa ni fisi wa nani. Anna alikuwa akiishi na mama mkwe wake, Bibi Mbeleje, na binti yake mdogo wa miaka mitatu. Mume alikuwa amekwenda machimboni Mirerani na hakurudi tena. Kabla hata matanga hayajaanuliwa, watu walishakumbuka kwamba Bibi hutembea peke yake, na kwamba mbuzi wake hawajawahi kuguswa na fisi. Na sasa polisi wenyewe wameandika. Januari 1999 walipanda juu ya tembe lake wakabomoa paa. Bibi alitoka na mtoto mgongoni, chungu kimoja na kanga ya mkwewe, ile aliyofunikwa kisimani.

Ndugu zangu wa Chisolo, sisomi haya ili kuwasuta. Yamo kwenye karatasi ya marehemu na alitaka yasomwe. Wengi wenu mlikuwa watoto. Na wale waliokuwa watu wazima wamekuja leo, tena wamekaa mbele, jambo ambalo najua halikuwa jepesi.

Mtoto aliyekuwa mgongoni ndiye anayewasomea. Naitwa Hilda.

Tarehe 21 Septemba 1999, Mwamvua Hamidu, mwuza vitunguu kutoka Kondoa aliyekuwa amepanga chumba Chisolo, alikutwa amekufa kwenye visima vile vile. Safari hii hapakuwa na nyayo za fisi. Palikuwa na jiwe, na juu yake kanga imekunjwa mara nne. Koplo Priska aliwauliza akina mama waliotangulia kufika, mmoja mmoja, hii ni ya nani. Wote walijibu kwamba ni ya Mwamvua mwenyewe, na hakuna aliyeigusa. Ndipo alipokaa chini kwenye mchanga. Askari mwenzake alidhani amezidiwa na jua, akamletea kofia.

Mwaka 2000 aliuawa Tabita Chisota. Mwaka 2001 aliuawa Salome Mhoji. Kila mara kiangazi, kila mara kisimani, kila mara kanga juu ya jiwe. Kisha mauaji yakakoma. Wanaume wawili walikamatwa kwa nyakati tofauti, wakaachiwa kwa kukosa ushahidi. Hakuna aliyehukumiwa, na mpaka leo hajulikani ni nani. Huenda alikufa, huenda alihama, huenda yuko mahali amekaa na watoto wanampa shikamoo. Mama hakuwahi kumtaja mtu kwa kudhani, hata nyumbani, hata Erick alipombana kwa maswali ya ujana. "Nimeshaandika kwa kudhani mara moja," alikuwa akisema. "Ilitosha."

Baada ya kifo cha Mwamvua alimwendea mkuu wake na kumwambia kwamba ile ya mwaka jana aliiandika vibaya, hivyo jalada la Anna lifunguliwe upya. Alijibiwa, "Koplo, unataka kujiharibia kazi kwa ajili ya fisi? Hilo limefungwa. Shughulika na hili lililopo." Akapiga saluti, akatoka, akaandika barua ya kwanza. Ziko nakala tisa kwenye sanduku lake la bati, ya mwisho ameiandika akiwa mgonjwa, mwandiko unapanda na kushuka kama njia ya mbuzi.

Tarehe 3 Oktoba 1999, siku yake ya mapumziko, alitutafuta. Alitukuta kijiji cha jirani, tumehifadhiwa kwenye banda la mbuzi la mtu mwema ambaye hakuthubutu kutuingiza ndani. Alitupeleka kwake. Mwisho wa mwezi Baba alipokuja likizo kutoka Mtera, alikuta bibi mgeni amekaa kwenye kiti chake.

"Mama Elisha, huyu mama ni nani?"

"Ni mtu niliyemkosea."

"Atakaa siku ngapi?"

"Zote."

Baba akaenda kununua kitanda. Nakuangalia pale ulipokaa, Baba, na nasema mbele ya watu: nakushukuru kwa kile kitanda.

Mwaka 2002 tulihamia Area D, na wengi wenu hapo ndipo mlipomfahamu. Mlimfahamu kwa usumbufu wake. Baada ya Chisolo aliapa hataandika jambo la mtu bila kumuuliza mwenyewe, na akishaandika, anamsomea, kisha anauliza, "Ni sahihi?" Askari vijana aliowafundisha wanajua, maana wengine waliandika ukurasa mmoja mara sita. Lakini ugonjwa huo aliuleta mpaka nyumbani. Elisha na Erick wakipigania mpira, kila mmoja alitoa maelezo yake, akasomewa, akatia sahihi. Dukani kwa Nurdini alikuwa akisoma orodha kwa sauti, sukari kilo moja, chumvi pakiti mbili, ni sahihi? Nurdini akalalamika siku moja, "Mama Elisha, jamani, hata sukari nitoe maelezo?" Naye akamjibu, "Wewe sema tu, ni sahihi au si sahihi."

Palikuwa na nafasi moja tu kwenye karatasi ambayo ilimshinda kuijaza mwenyewe. Nilipoanza darasa la kwanza, fomu iliuliza jina la mtoto, jina la anayemleta, na uhusiano wao. Aliandika majina yote mawili, akafika kwenye uhusiano, akaweka kalamu chini, akaenda kumuuliza Bibi. Bibi alifikiri sana, akasema, "Andika mlezi." Akaandika mlezi. Kuanzia hapo kila fomu, ya shule, ya hospitali, ya kipaimara, iliandikwa mlezi. Mdomoni nilimwita Mama tangu siku ya kwanza, na aliitika. Kwenye karatasi hakuthubutu, na ninyi mliomjua mnajua karatasi ilikuwa na uzito gani kwa mtu huyu.

Desemba 2013, nilipomaliza kidato cha nne, aliniita mezani. Alikuwa amevaa sare, na haikuwa zamu yake.

"Kaa, Hilda. Kuna maelezo nataka kukusomea. Mtoa maelezo ni mimi."

Akanisomea kurasa nne. Kisima, nyayo, jiwe, kanga, kitabu. Mpaka siku hiyo nilikuwa najua kwamba mama yangu mzazi aliuawa na mtu asiyejulikana. Sikuwa najua ni nani aliyeandika fisi. Alipomaliza akauliza, "Kuna swali?" Niliinuka nikatoka nje.

Kwa miezi minne nilimwita Afande. Shikamoo Afande, chakula tayari Afande, naomba nauli Afande. Nilitaka imchome, na ilimchoma, ila aliitika kila mara, "Naam," bila kununa hata siku moja. Sijivunii. Nimeandika kwa sababu ni kweli na angeuliza kwa nini nimeruka.

Mwishowe nikamfuata Bibi Mbeleje, akiwa uani anachambua mlenda. Nikamuuliza kama alikuwa anajua.

"Alinambia siku ile ile, palepale bandani," Bibi akasema. "Nikampiga kibao."

"Akafanyaje?"

"Akasimama tu. Kibao cha askari wa serikali, nikadhani nitafungwa. Halafu nikasikia kiu, nikamwomba maji. Akaenda kuyatafuta, mbali, akarudi nayo. Nikamwambia, wewe uliandika, wewe ukafute. Sina deni lingine na wewe." Akaendelea kuchambua. "Na wewe umwite jina lake. Hiyo Afande inaniumiza masikio."

Niliingia jikoni. Alikuwa amenipa mgongo, anasonga ugali. Nikasema, "Mama, chumvi iko wapi?" Akanionyesha kwa mwiko. Hakugeuka kwa muda mrefu, na ugali wa siku ile uliungua kidogo.

Nafupisha, dakika zinakimbia. Erick alipopata kompyuta alianza kumsomea mama habari za kesi za namna hii duniani kote, zile ambazo mtu aliua na kuua na kamwe hakujulikana. Miji mikubwa, askari mamia, maabara, na bado. Nadhani alitaka kumpoza, aone si yeye peke yake aliyeshindwa. Mama alisikiliza ile ya London ya mwaka 1888, jinsi muuaji alivyopewa jina la utani ambalo dunia nzima inalijua, vitabu na vitabu. Akauliza, "Na hao akina mama waliitwa nani?" Erick hakuwa anajua. Akamwambia atafute. Yalipopatikana aliyaandika kwenye daftari lake chini ya majina ya Chisolo: Mary Ann, Annie, Elizabeth, Catherine, Mary Jane. Kila kesi Erick aliyomsomea aliiuliza hivyo hivyo, na Jumapili jioni kwenye sala ya familia aliyasoma yote, polepole, bila kuruka. Baba aliwahi kuuliza kwa upole hao ni wakwe wa upande gani. Sala zetu zilikuwa ndefu na ugali ulipoa, lakini ndivyo nilivyokua nikisikia jina la mama yangu likitajwa kila wiki pamoja na ya wengine, na halikuwahi kuwa peke yake.

Bibi Mbeleje alifariki tarehe 8 Mei 2016 akiwa amelala. Chisolo walikataa azikwe kwao. Baba akatoa eneo hapa shambani kwake, na kaburi lake ni lile lenye msalaba mweupe, mita chache kutoka hili tulilochimba jana. Bibi alikufa akiwa bado ni mwenye fisi kwenye kitabu cha serikali. Siku ya mazishi Mama hakulia. Alirudi nyumbani akaandika barua ya saba.

Alistaafu tarehe 1 Julai 2017 akiwa Stafu Sajenti, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, kisha akalima zabibu pamoja na Baba. Wanasema zabibu zao zilikuwa tamu. Mimi nasema zilikuwa chache, maana kila shina lilikuwa na namba yake na kumbukumbu ya lini lilimwagiliwa, na nusu ya muda wa kumwagilia uliishia kwenye kuandika.

Mwaka 2022 aligundulika na ugonjwa wa figo. Kuanzia Februari 2023 alisafishwa damu mara tatu kwa wiki hapa Dodoma. Madaktari na wauguzi mliomhudumia, familia inawashukuru kwa moyo wote, na tunawaomba radhi kwa kusomewa vipimo vyenu wenyewe na kuulizwa kama ni sahihi.

Barua ya tisa ilimfikia mkuu mpya ambaye hakuwahi kumjua. Huyo aliisoma. Wakaitwa mashahidi waliobaki, ikatolewa stoo ile kanga ambayo Bibi alikuwa ameikabidhi mwaka 1999 iwe kielelezo, na mbele ya hakimu Mama aliingia kwa kiti cha magurudumu akatoa maelezo dhidi yake mwenyewe kwa dakika arobaini. Tarehe 11 Machi 2025 uamuzi ulitoka kwa maandishi. Anna Chibago hakufa kwa kuliwa na fisi. Aliuawa na mtu asiyejulikana, na upelelezi unaendelea.

Mama hakuwa na nguvu ya kusafiri. Tarehe 22 Machi nilikwenda Chisolo na barua ile ya uamuzi, na mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano. Niliisoma mara mbili. Kisha akasimama Mzee Elieza, ambaye mwaka ule ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji na ndiye aliyetangulia kupanda juu ya tembe la Bibi. Alisimama kwa shida, ameshikilia bega la mkewe. Akauliza, "Yule mama amezikwa wapi?"

Niliporudi Mama aliniambia nisifupishe. "Walisemaje? Neno kwa neno." Nilikuwa nimeandika yote. Nikamsomea, mpaka swali la Mzee Elieza. Siku ya tatu yake mzee alikuja na mkewe, wakafagia kaburi la Bibi, akapiga magoti pale na kuomba msamaha kwa sauti ya kusikika, nami nikaliandika hilo pia nikamsomea. Nilipomaliza nikamuuliza mimi safari hii: "Ni sahihi?"

Akasema, "Sasa ni sahihi." Akalala, mchana kweupe, usingizi wa mtu aliyevua viatu.

Stafu Sajenti Mstaafu Priska Ndahani alifariki dunia Jumatano tarehe 2 Aprili 2025, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza kitandani. Nilivua kanga yangu nikamfunika.

Ameacha mgane, Ebenezer Masaka, ambaye bado anashikilia kwamba aliisahau baiskeli. Ameacha ndugu watano na wajukuu wanne. Ameacha familia za Anna, Mwamvua, Tabita na Salome, ambazo zote zimekuja, na ambazo alitaka zihesabiwe hapa na si kwenye orodha ya wageni. Ameacha jalada moja lililo wazi mikononi mwa wenye kazi hiyo. Kama kuna anayejua jambo, awe amekaa mbele au nyuma, ofisi zipo, na nyumba yetu mnaijua.

Kuhusu watoto, rasimu aliiandika mwenyewe, na nitaisoma kama ilivyo. "Elisha, mtoto. Erick, mtoto." Mstari wa tatu ameandika, "Hilda," kisha akaacha nafasi, na pembeni kwa penseli: "Sijamuuliza. Ajaze mwenyewe."

Nilikaa na karatasi hii tangu Jumatano. Jana jioni, baada ya kaburi kuchimbwa, nilichukua kalamu nikajaza. Nawasomea.

Hilda, mtoto.

Ni sahihi, Mama. Kazi imekamilika upande wako. Lala salama karibu na Bibi.